Mwanga Kwanza, Mshindo Baadaye: Mwongozo wa Vimondo kwa Wakazi wa Buzebazeba na Mwambao wa Tanganyika

Usiku wa Ijumaa, tarehe 13 Aprili 2029, kuamkia Jumamosi, jiwe lenye upana wa mita 340 hivi litapita karibu na Dunia. Urefu wa meli ya MV Liemba ukiuzidisha mara tano, ndio ukubwa wake. Jina lake ni Apophis, na ukisimama nje ya nyumba yako Buzebazeba, Kigoma, mawingu yasipokuzuia, utaliona kwa macho matupu.

Halitatugonga. Hesabu zake zimeshapigwa na kukaguliwa, na hakuna shaka juu ya usiku huo. Jambo la kufikiria ni sisi wenyewe. Usiku huo mwezi utakuwa haujaandama, na giza ndilo analolisubiri mvuvi wa dagaa. Watu wengi watakuwa ziwani na taa zao. Simu nazo zitakuwa zimejaa ujumbe wa sauti na picha za kutisha. Yowe moja likipigwa kwenye mtumbwi, watu wote wakakimbilia upande mmoja, chombo kinapinduka. Hapo watu watakuwa wamekufa kwa hofu ya jiwe ambalo halikumgusa yeyote.

Mwongozo huu unakuandaa kwa usiku huo unaojulikana, na kwa siku nyingine isiyojulikana ambapo mwanga mkali unaweza kupasua anga bila taarifa. Usome na familia yako, na ukiweza, uusome kwa sauti mwaloni.

KISANDUKU CHA 1: MANENO YA KUJUA

• Asteroidi: jiwe au chuma kinacholizunguka Jua kama sayari zinavyolizunguka, ila ni kidogo kuliko sayari.
• Kimondo: asteroidi au kipande chake kinapoingia katika hewa ya Dunia na kuwaka. Kikifika chini bado tunakiita kimondo, kama kile cha Mbozi.
• Asteroidi hatarishi: yenye upana wa mita 140 au zaidi, ambayo njia yake inaikaribia njia ya Dunia kwa umbali usiozidi kilomita milioni 7.5. Neno "hatarishi" lina maana kwamba inastahili kulindwa kwa macho. Halina maana kwamba inakuja.
• Kipimo cha Torino: namba kutoka 0 hadi 10. Sifuri ni hakuna hatari. Nane hadi kumi ni mgongano usio na shaka.

KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU

Wengi hudhani habari za vimondo ni za Wazungu na filamu zao. Ardhi yetu inasema vingine.

Mkoani Songwe, katika wilaya ya Mbozi, kimelala kimondo cha chuma chenye urefu wa mita tatu hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 12 hadi 16. Tarehe 16 Desemba 1938, kimondo kingine kilianguka Ivuna, upande wa kusini mwa Ziwa Rukwa. Kilichookotwa ni gramu 705 tu, lakini sayansi ilikipa heshima kubwa: kundi zima la vimondo adimu kuliko karibu vyote duniani linaitwa CI, na herufi hiyo I ni ya Ivuna. Wajapani walipoleta vumbi la asteroidi Ryugu mwaka 2020, walilikuta linafanana sana na mawe ya kundi hilo lenye jina la kijiji cha Tanzania.

Majirani nao wana yao. Tarehe 14 Agosti 1992, mamia ya mawe yalinyesha juu ya mji wa Mbale, Uganda. Kipande kidogo cha gramu tatu na kitu kiligonga majani ya mgomba, kikamwangukia mvulana kichwani bila kumdhuru. Thika, Kenya, kulianguka mawe tarehe 16 Julai 2011. Tarehe 2 Juni 2018, asteroidi ndogo ilipasukia juu ya Botswana, na vipande vyake vikaokotwa katika hifadhi ya Kalahari ya Kati.

Kwa hiyo mbingu haichagui bara. Ukubwa wa jiwe ndio unaoamua ukubwa wa habari:

1. Chembe kama mchanga au kokoto: ni vile vimondo unavyoviona vikipita kila usiku wenye giza. Havina madhara.
2. Mita 4 hivi: huwaka na kupasuka juu sana, na hudondosha mawe madogo. Mfano ni Sudan, mwaka 2008.
3. Mita 20 hivi: huvunja vioo na kujeruhi watu. Mfano ni Chelyabinsk, Urusi, mwaka 2013.
4. Mita 50 hadi 60 hivi: huweza kuangamiza eneo la mji mkubwa. Mwaka 1908, huko Tunguska, Siberia, mlipuko wa aina hiyo uliangusha miti katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,000.
5. Kilomita 10 hivi: ndiyo iliyowamaliza dinosaria miaka milioni 66 iliyopita.

Jipe moyo kwa jambo hili: jiwe likiwa kubwa, huonekana mapema zaidi. Asteroidi zenye upana wa kilomita moja na zaidi zinazopita jirani na Dunia, zaidi ya asilimia 90 zimeshapatikana, na hakuna hata moja inayojulikana kuja kutugonga katika miaka 100 ijayo. Kazi iliyobaki kubwa ni ya zile za kati, za mita 140 na kuendelea, ambazo zaidi ya nusu yake bado hazijaonekana.

JINSI ZINAVYOTAFUTWA, NA JINSI ZINAVYOZUIWA

Darubini hupiga picha za sehemu ileile ya anga mara kadhaa, kwa kupishana dakika chache. Nyota hubaki mahali pake. Nukta inayosogea hushukiwa. Taarifa hupelekwa kwenye Kituo cha Sayari Ndogo kilichopo Cambridge, Massachusetts, na watazamaji wa nchi nyingine huombwa waitafute ili njia yake ipigiwe hesabu. Mtandao mmoja wa kazi hii, ATLAS, una darubini Hawaii, Chile na Sutherland, Afrika Kusini, ili anga ya kusini nayo isibaki bila mlinzi.

Kazi hii imeshazaa matunda barani kwetu. Tarehe 6 Oktoba 2008, Richard Kowalski aliona nukta kwenye picha za darubini ya Arizona. Saa zipatazo 20 baadaye, jiwe hilo lililopewa jina 2008 TC3 lilipasukia juu ya jangwa la kaskazini mwa Sudan, pale pale hesabu zilipoelekeza. Ndiyo asteroidi ya kwanza kuonekana kabla ya kuingia kwenye hewa ya Dunia. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Khartoum, wakiongozwa na Muawia Shaddad pamoja na Peter Jenniskens, walipanga mstari jangwani, wakatembea kwa miguu na kuokota vipande zaidi ya 600.

Je, jiwe kubwa likionekana linakuja kweli? Fikiria chombo kinachotoka Kigoma kwenda Kalemie. Nahodha akigeuza usukani kidogo tu angali Bangwe, chombo kitafika mbali kabisa na Kalemie. Akichelewa mpaka ameiona gati, hata akigeuza kwa nguvu zote haitoshi. Asteroidi nayo husukumwa hivyo: kidogo, na mapema. Tarehe 26 Septemba 2022, chombo cha NASA kiitwacho DART kiligonga kwa makusudi asteroidi Dimorphos, yenye upana wa mita 160 hivi, ambayo haikuwa na hatari yoyote kwetu. Kabla ya hapo ilikuwa inaizunguka asteroidi mwenzake kwa saa 11 na dakika 55. Baada ya kugongwa, muda huo ulipungua kwa dakika 32 hivi. Mwanadamu alikuwa amebadilisha mwendo wa jiwe la angani kwa mara ya kwanza.

Mafuriko hutupa siku chache za kujiandaa, na tetemeko halitupi hata dakika. Asteroidi kubwa ndiyo janga la asili ambalo tunaweza kulijua miaka mingi kabla, na hata kulizuia. Kwa jiwe dogo lililochelewa kuonekana, kinga ni taarifa, kuhama eneo, na kujua la kufanya. Hapo ndipo kazi yako wewe inapoanza.

SEHEMU YA KWANZA: UKIPOKEA HABARI YA KIMONDO KWENYE SIMU

Kabla ya kuituma kwa mwingine, pita hatua hizi tano.

Hatua ya 1. Tafuta jina. Kila asteroidi iliyopatikana ina jina au namba, kwa mfano Apophis au 2024 YR4. Habari inayosema tu "kimondo kikubwa kinakuja usiku huu" bila jina, iache.

Hatua ya 2. Tafuta tarehe na umbali. Mwezi uko kilomita 384,000 hivi kutoka kwetu. Mtaalamu akisema jiwe "linapita karibu", anaweza kuwa na maana ya kilomita milioni saba. Gawanya umbali huo kwa ule wa Mwezi, utaona mwenyewe kama ni karibu.

Hatua ya 3. Uliza namba ya Torino. Ikiwa ni 0, hakuna habari. Ikiwa ni 1, ni jambo la kawaida ambalo kwa desturi hufutwa baada ya kuchunguzwa zaidi. Kuanzia 2 hadi 4, wataalamu wanafuatilia kwa makini.

Hatua ya 4. Angalia aliyesema. Tangazo la dunia hutolewa na Mtandao wa Kimataifa wa Tahadhari za Asteroidi, ulioundwa kwa pendekezo la Umoja wa Mataifa. Huutangazia ulimwengu pale uwezekano wa kugongwa unapozidi asilimia 1 kwa jiwe la zaidi ya mita 10. Orodha za hatari za NASA na za Shirika la Anga za Juu la Ulaya ziko wazi kwa kila mtu kwenye intaneti. Hapa nyumbani, agizo la kuhama au kukaa ndani hutoka serikalini: Ofisi ya Waziri Mkuu inayosimamia maafa, mkoa, manispaa, hadi kwa mwenyekiti wako wa mtaa.

Hatua ya 5. Ngoja. Hapa wengi ndipo wanapoteleza, kwa sababu hawajui kwamba asilimia ya hatari huweza kupanda kwanza kabla ya kushuka.

Sababu yake ni hii. Umekaa ufukweni usiku, unaona taa ya chombo mbali sana ziwani. Mara ya kwanza huwezi kujua kama kinakuja Kibirizi, Ujiji au Katonga, maana mwambao wote unawezekana. Ukizidi kukitazama, sehemu zinazowezekana hupungua. Ujiji ikiwa bado imo kati ya zilizobaki, nafasi yake ya kupokea chombo hicho inaongezeka. Ukitazama zaidi, unagundua kinaelekea Kibirizi, na nafasi ya Ujiji inakuwa sifuri mara moja.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa 2024 YR4. Iligunduliwa tarehe 27 Desemba 2024, na tarehe iliyotiliwa shaka ilikuwa 22 Desemba 2032. Ukanda uliohofiwa ulipita hata juu ya Afrika. Tarehe 18 Februari 2025, uwezekano ulifika asilimia 3.1, na dunia ikashtuka. Kabla ya mwezi huo kwisha, vipimo vipya viliushusha mpaka karibu na sifuri. Aliyengoja wiki moja hakupoteza usingizi.

SEHEMU YA PILI: UKIONA MWANGA MKALI USIO WA KAWAIDA

Kwanza elewa sababu, maana sababu ndiyo itakayokukumbusha hatua. Mwanga hukufikia papo hapo. Mshindo husafiri kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Kimondo kikipasuka kilomita 30 juu, wimbi lake huchukua dakika moja na nusu kukufikia, na kama ni mbali zaidi, hukawia zaidi.

Tarehe 15 Februari 2013, asubuhi, jiwe la mita 20 hivi lilipasuka karibu na mji wa Chelyabinsk, Urusi. Lilitokea upande wa Jua, kwa hiyo hakuna darubini iliyoliona. Watu waliona mwanga mkubwa wakakimbilia madirishani kushangaa. Wimbi likafika, vioo vikawapasukia usoni. Watu wapatao 1,500 walihitaji matibabu, wengi wao kwa sababu ya vioo. Katika shule moja, mwalimu aliwaamuru watoto wake 44 wajifiche chini ya madawati mara tu alipoona mwanga. Hakuna mtoto wake aliyekatwa na kioo. Aliyeumia ni mwalimu mwenyewe, aliyebaki amesimama.

Kwa hiyo, ukiona mwanga mkali kama jua la pili:

1. Usiukodolee macho. Geuka.
2. Ondoka dirishani, mlangoni na chini ya paa la bati lililolegea. Waite watoto kwa sauti.
3. Lala au chuchumaa chini, kichwa ukikifunika kwa mikono. Darasani, ingia chini ya dawati. Nyumbani, kaa nyuma ya ukuta imara au chini ya meza nzito.
4. Kaa hivyo kwa dakika tano hata kama kumekuwa kimya. Kimya hicho ndicho kinachodanganya. Mishindo pia huweza kuwa zaidi ya mmoja.
5. Baada ya hapo kagua majeruhi, mitungi ya gesi, majiko na nyaya za umeme. Moto ukitokea, piga 114 kwa Zimamoto.
6. Vaa viatu kabla ya kutembea. Vioo vitakuwa chini.

Ukiwa ziwani:

1. Kila mtu akae chini, katikati ya chombo, na ashike ubao. Nahodha ndiye anayetoa amri, wengine wanyamaze.
2. Asisimame mtu, wala asihamie upande mwingine kutazama.
3. Taa zenye vioo na za mafuta zishushwe au zizimwe.
4. Vaa boya kabla ya kuhitaji kulivaa.
5. Baada ya mshindo, elekeza omo kwenye mawimbi kama yapo, kisha rudini mwaloni taratibu.

Ukiwa ufukweni na ukaona maji yanarudi nyuma au wimbi lisilo la kawaida linakuja, usingoje kuelezwa. Panda kwenye mwinuko.

ONYO: Usikimbie nje na simu kupiga picha wakati mwanga ungali angani. Picha nzuri hazina thamani ya jicho lako.

SEHEMU YA TATU: KITU KIKIANGUKA

Vitu vinavyoanguka kutoka juu ni vya aina mbili, na kila kimoja kina adabu yake.

A. Kama ni jiwe

Jiwe la kimondo halina sumu ya kuogopesha, wala kwa kawaida haliwashi moto. Likishapasuka hupoa njiani. Dalili zake ni gamba jeusi jembamba kama lililokaangwa, uzito unaozidi ukubwa wake, na vishimo kama alama za vidole. Jiwe lenye matundu mengi kama sponji mara nyingi ni la volkano au ni takataka za chuma kilichoyeyushwa.

1. Lipige picha kabla ya kuligusa, na kitu cha kulinganisha kando yake, kama sarafu au kiberiti.
2. Andika mahali, saa na jina la aliyeliona likianguka.
3. Liokote kwa mfuko safi wa plastiki. Usilishike kwa mkono mtupu.
4. Usilioshe, usilivunje, wala usilisogezee sumaku. Sumaku hufuta kumbukumbu ya usumaku iliyomo ndani yake tangu sayari zilipokuwa zinaumbika.
5. Liweke mahali pakavu. Mawe ya aina ya Ivuna ni laini na humomonyoka yakipata maji. Mvua moja ya Kigoma inatosha kulimaliza.
6. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata, ili ifike kwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, Dodoma, au chuo kikuu.

Likitoboa paa au kumjeruhi mtu, majeruhi kwanza, jiwe baadaye.

B. Kama ni chuma kilichotengenezwa na watu

Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, Kenya. Shirika la Anga la Kenya lilieleza kwamba ni sehemu ya roketi. Vitu kama hivyo huweza kubeba mabaki ya mafuta yenye sumu kali.

1. Usikiguse, usikinuse, usikipige.
2. Waondoe watu na mifugo, na simameni upande upepo unakotokea.
3. Piga 112 kwa Polisi.
4. Usikiuze kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kinaweza kumwua anayekikata, na pia ni ushahidi: mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unaifanya nchi iliyokirusha iwajibike kulipa madhara.

SEHEMU YA NNE: USIKU WA 13 APRILI 2029

Apophis iligunduliwa Juni 2004. Mwezi Desemba mwaka huo, hesabu za mwanzo ziliupa mwaka 2029 uwezekano wa asilimia 2.7, na jina lake, la joka la giza katika hadithi za Misri ya kale, likazidisha hofu. Vipimo vilivyofuata viliondoa hatari ya 2029, na vya rada mwezi Machi 2021 viliondoa hatari yoyote kwa angalau miaka 100. Umoja wa Mataifa umeutangaza mwaka 2029 kuwa mwaka wa kimataifa wa kuelimishana kuhusu asteroidi na ulinzi wa Dunia.

Jiwe hilo litapita kilomita 32,000 hivi juu ya uso wa Dunia. Ni karibu kuliko setilaiti zinazoleta picha kwenye ving'amuzi vyetu, ambazo ziko kilomita 36,000 hivi juu. Jiwe kubwa hivyo kupita karibu hivyo ni jambo linalotokea kwa wastani mara moja katika maelfu ya miaka.

KISANDUKU CHA 2: JINSI YA KULITAZAMA KUTOKA BUZEBAZEBA

• Anza saa nne usiku. Litasogea kutoka pande za kusini, lipande juu, kisha lishukie magharibi, juu ya milima ya Congo. Litakuwa karibu kabisa na Dunia saa sita na dakika 46 usiku, kwa saa zetu.
• Tafuta nukta kama nyota ya kawaida, si kali sana. Haina mkia. Katika dakika moja itasogea kwa upana wa Mwezi mpevu hivi.
• Ndege ina taa zinazomulika na hupita upesi. Kimondo hupita kwa sekunde. Apophis itaonekana ikitembea kwa saa kadhaa.
• Zima taa za nje na uyape macho yako dakika 20 yazoee giza. Darubini ndogo ya mkono itasaidia, ila si lazima.
• Aprili mvua zetu huwa hazijaisha. Mawingu yakifunga, fuatilia redioni au kwenye televisheni.

Maandalizi yanayopaswa kuanza mapema:

1. Vikundi vya kusimamia mialo (BMU) vizungumze na wavuvi mialoni, Kibirizi, Katonga na Ujiji, kabla ya giza la mwezi huo. Kila nahodha ajue saa, upande na umbo la nukta atakayoiona.
2. Mashehe, wachungaji na mapadri waombwe kulisema jambo hili misikitini na makanisani wiki mbili kabla. Wazee wetu walitufundisha kwamba kimondo ni kijinga cha moto kinachorushwa kumfukuza shetani. Mwongozo huu haugombani na imani ya mtu. Unachoomba ni kwamba waumini wasikie kutoka kwa wanaowaamini kwamba usiku huo hakuna cha kukimbia.
3. Walimu wafundishe somo hili mwezi Mei kila mwaka. Siku ya Asteroidi duniani ni tarehe 30 Juni, kumbukumbu ya Tunguska, lakini mara nyingi wakati huo shule huwa zimefungwa.
4. Shule yenye kompyuta na intaneti ijiunge na Ushirikiano wa Kimataifa wa Utafutaji wa Kiastronomia, unaojulikana kwa kifupi IASC. Ni bure. Wanafunzi hupewa picha halisi za darubini, huzipitia kwa programu, na huweza kugundua asteroidi ambayo haijawahi kuonekana na mtu. Mtoto wa Ujiji ana macho yaleyale ya mtoto wa Hawaii.

MAKOSA YANAYORUDIWA NA WENGI

• Kudhani "hatarishi" maana yake ni "inakuja".
• Kukimbilia dirishani baada ya mwanga.
• Kuona kimya baada ya mwanga na kudhani mambo yamekwisha.
• Kuogopa asilimia inayopanda bila kungoja vipimo vinavyofuata.
• Kuliosha na kulivunja jiwe ili kutafuta dhahabu ndani. Hakuna dhahabu ya kuchimba humo.
• Kumtuma mtoto akaokote kilichoanguka.

ORODHA YA KUKAGUA NYUMBANI

☐ Watoto wanajua: mwanga, chini, funika kichwa, dakika tano.
☐ Vitanda haviko chini ya dirisha la kioo lisilo na pazia.
☐ Bati zilizolegea zimepigiliwa misumari.
☐ Namba 112 na 114 zimeandikwa ukutani pamoja na ya mwenyekiti wa mtaa.
☐ Kila anayelala ziwani ana boya.
☐ Tarehe 13 Aprili 2029 imeandikwa mahali inapoonekana.

Orodha hii haikugharimu fedha nyingi, ukiacha boya, na boya mvuvi alilihitaji tangu jana. Pazia zito, msumari wa bati na namba ya Zimamoto vitakufaa hata kama hakuna kimondo kitakachokuja maisha yako yote.

Siku hiyo ikifika, tandika mkeka uani, waamshe watoto, uwaonyeshe ile nukta ikishuka taratibu kuelekea Congo. Waambie vizazi vyote vilivyotutangulia mawe kama hayo yalipita juu yao bila wao kujua, na sisi tulijua saa na dakika, miaka mingi kabla.